Reverbi ya bure: mastudio madogo ya Lubumbashi yamepata sauti ya mbinguni, lakini maneno yanazama

Ku Katuba, ku Kenya, ku Ruashi, studio ya muziki mara nyingi ni chumba kimoja: godoro ku ukuta, ordinatera moja, mikro moja. Kwaya zinazoingia mule ndani zina ombi ambalo mafundi wamelizoea. Sauti iwe pana kama ya kanisa kubwa, tena ing'ae huko juu, kama vile malaika wanaitikia. Sauti hiyo mafundi wanaiita shimeri.

Reverbi yenyewe si kitu kigeni. Piga makofi mu kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, mlio unabaki hewani kidogo kabla ya kuisha. Shimeri inaongeza hatua moja: inachukua mwangwi ule, inaupandisha oktava moja, inaurudisha ndani ya mwangwi, halafu inarudilia tena na tena. Brian Eno na Daniel Lanois ndio waliotangaza sauti hiyo miaka ya 1980, wakati walipokuwa wanatengeneza muziki wa U2. Wakati ule ilihitaji mashini za bei kali ambazo studio kubwa tu zilikuwa nazo.

Leo mashini ile imekuwa programu. Ile ya Valhalla Shimmer inauzwa dola 50, na kwa fundi wa Katuba shida si dola tu. Inaomba pia karta ya benki inayokubaliwa ku intaneti, na vijana wengi hawana. Basi wanapeana programu za wizi, zinapita mu flashi toka ordinatera hadi ordinatera, na virusi vinapita pamoja nazo. Siku virusi vinakula diski, kwaya iliyochanga franka miezi mizima inaambiwa irudi kuimba upya. Nani atalipa? Hapo ndipo magomvi yanaanza.

Ndiyo maana mwaka 2020, wakati kampuni ileile ya Valhalla DSP ilipotoa Supermassive bila malipo, ilikuwa habari kubwa hata kwa studio za godoro. Hakuna haja ya karta, hakuna haja ya kuiba, na inafanya kazi mu FL Studio, programu ya Wabelgiji ambayo vijana wengi wanaitumia. Lakini iko jambo la kuelewa vizuri: Supermassive haipandishi noti. Inatoa mwangwi mrefu sana, kama wingu. Anayetaka shimeri anatuma sauti ku chaneli ya pembeni, anaweka kwanza programu ya kupandisha oktava, halafu Supermassive nyuma yake. Haitakuwa sawasawa na ile ya dola 50, kwa sababu noti inapanda mara moja tu, haiendelei kupanda. Kwa sikio la mtu wa kawaida, inatosha.

Sasa bei imeisha, lakini tatizo lingine limebaki, na hili halitokani na feza. Wakati kitu kilikuwa kigumu kupata, fundi alikitia kidogo. Kikiwa cha bure, anakimwaga kama maji ya mvua. Mu kaske wimbo unapendeza. Kwaya inatoka studio na furaha, inapeleka flashi ku redio, na pale ndipo mambo yanaharibika.

Kabla wimbo haujafika ku antena, redio za FM kwa kawaida zinaupitisha mu kifaa kinachobana sauti: kinashusha zile kubwa, kinainua zile ndogo. Mwangwi ni sauti ndogo. Kwa hiyo nao unainuliwa, unajaa, unafunika maneno. Halafu msikilizaji ana redio ya spika moja, ao telefoni mu taksibisi. Anasikia wingu tu. Mama wa ku Kamalondo hawezi kujua kama kwaya inaombea amani ao inaimbia harusi.

Kwa muziki wa huku hiyo ni hasara kubwa, maana watu wanashika wimbo kwa maneno. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda ku Jadotville, Likasi ya leo: mtu, gitaa, na Kiswahili chake. Hakukuwa na shimeri, na watu wangali wanamsikiliza.

Dawa si kutupa programu. Fundi akate sauti nzito mu chaneli ya mwangwi, chini ya hezi 300 hivi. Aache nafasi ndogo kati ya neno na mwangwi wake. Mu ubeti apunguze, mu kiitikio aongeze. Halafu asikilize wimbo mzima ku telefoni, sauti ikiwa chini, na mtu asiyejua maneno akae pembeni aseme amesikia nini.

Kwaya nayo iko na haki ya kuomba vitu viwili kabla ya kumaliza kulipa: nakala ya pili yenye mwangwi kidogo kwa ajili ya redio, na faili za sauti kavu, zisizotiwa kitu, ku flashi yake yenyewe. Kuran ikikatika katikati ya kazi na diski ikafa, jambo ambalo hapa si la kushangaza, zile sauti kavu ndizo zitakazowaokoa wasirudi kuimba upya.