Figo ni Zawadi, Dawa ni Haki



Katika parokia zetu tumezoea tangazo la namna hii mwishoni mwa Misa: mwenzetu fulani wa Jumuiya fulani anaumwa figo, ndugu yake amekubali kumpa figo moja, nasi tunaombwa kusaidia gharama. Kikapu hupitishwa, vyama vya kitume hutoa ahadi, Jumuiya hugawana kiasi kilichobaki. Mgonjwa akirudi salama tunatoa Misa ya shukrani, tunaimba na kupiga vigelegele, kisha kila mmoja anarudi kwenye shughuli zake. Tunadhani kazi imekwisha.

Kumbe ndipo inapoanza. Tulimzika kijana mmoja, mkulima, ambaye figo aliyopewa na dada yake ilikuwa imefanya kazi vizuri kwa zaidi ya mwaka mmoja. Hakufa kwa kukosa mtu wa kumpa figo, wala kwa kosa la daktari mpasuaji. Alikosa dawa. Alianza kuzimeza siku moja na kuruka siku ya pili ili zimfikishe mwisho wa mwezi, kisha akaona haya kuja tena parokiani kuomba. "Padre, watu wamekwishanichangia. Nitawaambia nini tena?" Maneno hayo ndiyo yaliyotusukuma kuandika kurasa hizi.

Kwa nini dawa?

Figo husafisha damu na kutoa nje maji na taka zisizohitajika mwilini. Zote mbili zikishindwa kabisa kufanya kazi, njia za kuokoa maisha ni mbili. Ya kwanza ni kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa juma, yapata saa nne kila mara. Kwa mkulima wa kijijini hiyo maana yake ni kuhama: kupanga chumba mjini karibu na hospitali, kuacha shamba na kuacha watoto mikononi mwa jirani. Njia ya pili ni kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Hiyo humrudisha mtu nyumbani na kazini kwake.

Upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa ulifanyika mjini Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954. Daktari Joseph Murray, aliyekuwa Mkatoliki na ambaye mwaka 1990 alipewa Tuzo ya Nobel, alichukua figo ya kijana mmoja akampandikiza ndugu yake. Vijana wale walikuwa mapacha wa kufanana kabisa, na kwa sababu hiyo mwili wa mgonjwa uliipokea figo kama yake. Sisi wengine hatuna pacha wa namna hiyo. Hata figo ya dada wa tumbo moja, mwili huihesabu kuwa mgeni na kuishambulia. Ndiyo maana aliyepandikizwa hana budi kumeza dawa za kuituliza kinga ya mwili wake, kila siku, kwa muda wote ambao figo hiyo inafanya kazi. Akiziacha, mwili huikataa figo. Basi dawa si nyongeza baada ya tiba. Dawa ni tiba yenyewe.

Hatua tulizopiga na pengo lililobaki

Haki yatudai tushukuru panapostahili shukrani. Kwa miaka mingi Mtanzania aliyehitaji figo hakuwa na njia ila kupelekwa nje ya nchi, aghalabu India. Mwezi Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza, kwa ushirikiano na madaktari kutoka India. Mwezi Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilifuata, ikisaidiwa na madaktari wa Kijapani. Tunawapongeza madaktari na wauguzi wetu kwa moyo wote.

Hata hivyo, ulimwenguni kote mwaka 2022 zilipandikizwa figo zaidi ya 100,000, na sehemu iliyoifikia Afrika ilikuwa ndogo mno, ingawa bara letu lina zaidi ya mtu mmoja katika kila sita waliopo duniani. Ndani ya nchi yetu pia pengo lipo. Mwenye bima na mshahara hupimwa mapema, husafiri bila kuuza ng'ombe, na hununua dawa bila kuhesabu vidonge. Mkulima, mvuvi na mama muuza mboga hufika hospitali ya rufaa figo zikiwa zimekwishakufa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumpima shinikizo la damu wala sukari. Ugonjwa ni ule ule. Kinachotofautiana ni mfuko.

Aliyetoa je?

Tusimsahau dada yule. Nchini mwetu figo hutolewa na ndugu walio hai, na katika nchi nyingi duniani imeonekana kwamba wanawake hutoa figo kuliko wanaume, bali wanaume huzipokea kuliko wanawake. Tunawasifu mama na dada hao kwa sadaka yao. Lakini yatupasa pia kujiuliza kama kila mmoja wao aliulizwa akiwa peke yake, kwa upole, na kama angeweza kusema hapana bila kutengwa na ukoo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki hukubali utoaji wa viungo kuwa tendo jema pale mtoaji anaporidhia kwa hiari akijua hatari zake. Zawadi iliyokamuliwa kwa kikao cha ukoo si zawadi.

Na aliyetoa figo kwa ajili ya kaka yake, kisha figo hiyo ikafa kwa kukosa vidonge, amedhulumiwa mara mbili. Sehemu ya mwili wake ilizikwa pamoja na kaka yake, naye hakuna aliyemwomba radhi.

Umaskini ukiachwa bila dawa huzaa soko. Mwezi Aprili 2025 Wizara ya Afya ya Kenya ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya mjini Eldoret, baada ya vyombo vya habari vya Ujerumani kueleza kwamba vijana maskini walikuwa wakiuza figo zao kwa wageni wenye fedha. Nani ana hatia, hilo ni la vyombo vya sheria. Letu ni kuona jinsi figo inavyosafiri: kutoka kwa asiyenacho kwenda kwa mwenye nacho, wala hairudi. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, alipozungumza na wataalamu wa upandikizaji mjini Roma tarehe 29 Agosti 2000, alikataa viungo vya binadamu kufanywa bidhaa, na alikataa pia ubaguzi katika kuamua nani apewe.

Je, tunadai anasa?

Wapo watakaouliza: katika nchi ambamo mtoto bado anakufa kwa malaria, ni haki kutumia fedha nyingi hivyo kwa mtu mmoja? Swali hilo ni la kweli, wala hatulikwepi. Tunajibu mambo mawili. Kwanza, kumsafisha mtu damu mwaka baada ya mwaka hugharimu kuliko kumpandikiza na kumpa dawa. Anayetaka kubana matumizi ataanzia hapo. Pili, fedha kubwa kuliko zote hupotea pale tunapogharimia upasuaji, kisha tukauacha uharibike kwa kukosa dawa za mwezi. Hatusemi mtoto wa malaria asubiri. Twasema tusianze tusichokusudia kukimaliza.

Yatupasayo kutenda

Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 ilitufundisha kujitambua kuwa Familia ya Mungu. Familia haimpi mgonjwa chakula siku ya sikukuu tu. Kwa hiyo tunapendekeza:

Kwanza, Halmashauri za Walei zianzishe mfuko wa dawa unaochangiwa kidogo kidogo kila mwezi, wenye hesabu zinazosomwa hadharani, ili asiwepo mgonjwa wa kuona haya.

Pili, Jumuiya imtunze aliyetoa figo: imlimie shamba majuma anayopumzika, na ihakikishe anapimwa afya kila mwaka.

Tatu, zahanati zetu na vyama vya kitume viandae siku za kupima shinikizo la damu, sukari na mkojo, hasa vigangoni. Figo iliyookolewa mapema haihitaji kisu.

Nne, na hili ndilo kubwa, tudai haki kwa sauti ya raia. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Tuwaulize wabunge na madiwani wetu bila woga: dawa za aliyepandikizwa figo zitalipiwa na bima ya mkulima kama zinavyopaswa kulipiwa na bima ya mkubwa? Na zitapatikana mkoani, au atasafiri kila mwezi kuzifuata?

Kikapu cha Jumapili ni tendo la huruma, nasi hatutakiacha. Lakini huruma haiwezi kushika nafasi ya haki. Msamaria wa Injili hakuishia kumfunga majeruhi vidonda. Alimwachia mwenye nyumba ya wageni fedha, akaahidi kurudi kulipa kitakachozidi. Kijana wetu alifungwa vidonda vizuri sana. Hakuna aliyerudi.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Yupo mgonjwa katika Jumuiya yetu ambaye tulimchangia zamani, na hatujui leo anapataje dawa?

2. Ndugu anapoombwa kutoa figo, tunahakikishaje kwamba yuko huru kukubali au kukataa?

3. Nani kati yetu atapeleka swali la bima kwa diwani na mbunge wetu, na lini ataturudishia jibu?