Broka Anayemfaa Staa Siye Anayekufaa Wewe

Video ni ile ile, wanaobadilika ni mastaa tu. Gari limeegeshwa Masaki, kioo kimeshushwa, saa inametameta, na simu mkononi ina chati yenye mishumaa ya kijani. Halafu yanafuata maneno: mabroka wa forex wako wengi mjini ila huyu ndiye baba lao, linki ipo kwenye bayo. Staa aliyeitupia safari hii, jina kapuni, miezi michache nyuma alikuwa anasifia broka mwingine kabisa kwa maneno hayo hayo. Chini yake vijana wamejazana: "Bro nifundishe", "Boss nianze na ngapi?", na moto kibao.

Hakuna aliyemuuliza kwa nini kahama. Spredi ilipanda? Aliomba kutoa hela ikachelewa? Au aliyehama si yeye bali kamisheni?

Maana biashara yenyewe iko hivi. Linki ile ya kwenye bayo ina namba ya staa. Ukijisajili kupitia kwake, mfumo wa broka unakuandika kama mtu wake, na wengi hubaki watu wake kwa muda wote akaunti inapofanya kazi. Kila unapofungua oda, kipande cha gharama unayolipa kinamwendea yeye. Ukipata anakula, ukipoteza anakula. Wapo pia mabroka wanaomlipa mtangazaji kwa kila kichwa kinachoweka hela kwa mara ya kwanza, na wapo wanaomgawia sehemu ya kile mteja anachopoteza. Huyo wa mwisho ndiye wa kuogopa zaidi, kwa sababu siku unayochoma akaunti ndiyo siku yake ya mshahara.

Tuchukue mfano wa kijana wa Sinza mwenye dola 100, zaidi ya shilingi laki mbili za kwake za kuokoteza. Anafuata signali za staa kwenye Telegram, oda 5 kwa siku, kila moja loti 0.1 ya EUR/USD. Kwa ukubwa huo pipu moja ni dola 1. Broka anayetangaziwa ana spredi ya pipu 1.5, kwa hiyo kila oda inamgharimu dola 1.5 kabla soko halijasogea popote. Kwa siku 20 za soko ni oda 100. Dola 150! Gharama peke yake imeshapita mtaji wake wote, na hapo hatujagusa hasara.

Upande wa pili, oda hizo 100 ni loti 10. Tuseme staa anapewa dola 4 kwa kila loti. Kijana mmoja huyo kamwingizia dola 40 kwa mwezi. Akiwa na vijana 200 wa namna hiyo ni dola 8,000, na hajabonyeza hata oda moja. Ndiyo maana signali ni tano kwa siku na siyo mbili kwa wiki. Gari la Masaki linawekwa mafuta na spredi, wala si na zile chati za kijani.

Mwenye kutaka kulinganisha mabroka kweli angeanzia hapo hapo kwenye gharama, na asingedanganyika na lile bango la "spredi sifuri". Akaunti ya spredi ndogo huwa na kamisheni pembeni. Ukikuta spredi ya pipu 0.2 na kamisheni ya dola 7 kwa loti kwenda na kurudi, jumla ni dola 9 kwa loti. Ile ya pipu 1.5 isiyo na kamisheni ni dola 15. Kwa loti zile 10 za kijana wetu, tofauti ni dola 60, zaidi ya nusu ya mtaji wake. Hesabu hii inahitaji kalkuleta ya simu na dakika tatu. Hakuna staa aliyewahi kuifanya laivu, na si kwa sababu hajui kujumlisha.

Kisha leverage, ule mkopo wa broka. Mastaa wanaitangaza kama ofa ya Ijumaa: 1:500, 1:1000, "mtaji mdogo faida kubwa". Ulaya, mwaka 2018, mamlaka ya masoko ya ESMA iliibana hadi 1:30 kwa sarafu kubwa kwa mteja wa kawaida, ikapiga marufuku bonasi za kuvutia wateja, na ikalazimisha kwamba mteja asije akadaiwa zaidi ya alichoweka. Sababu iliyotolewa ni kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wadogo zilikuwa zinapoteza hela. Kwa sheria hiyo, kijana wetu mwenye dola 100 asingeweza hata kuifungua ile loti 0.1, kwa kuwa ingemtaka dhamana ya zaidi ya dola 350. Kwa 1:500 inafunguka kwa dola 22 hivi, na pipu 80 au 100 za kwenda kinyume zinamfuta kabisa. Hizo EUR/USD inaweza kuzitembea kwa siku moja yenye habari nzito. Bonasi iliyokatazwa kule, huku ndiyo inayopambwa: weka 100 upewe 50, na masharti ya kuitoa yako kwa maandishi ya sisimizi.

Leseni nayo ina ujanja wake. Staa atakuonyesha skrinshoti ya leseni ya Uingereza au Cyprus, na leseni inaweza kuwa ya kweli kabisa. Ila kampuni moja huwa na matawi mengi, na fomu anayojaza mtu wa Dar mara nyingi inampeleka kwenye tawi la Seychelles, Mauritius au Saint Vincent and the Grenadines. Hao wa Saint Vincent mamlaka yao imeshasema wazi kwamba haitoi leseni ya forex. Sasa hela ikikwama, ulinzi wa London utamsaidiaje mtu ambaye mkataba wake umeandikwa kisiwa kingine? Jibu liko chini kabisa ya ukurasa wa kujisajili, kwenye jina kamili la kampuni, pale ambapo kila mtu anaweka tiki bila kusoma. Majirani zetu Kenya walitunga kanuni za forex ya mtandaoni mwaka 2017, na mtu wa Nairobi anaweza kutafuta jina la broka kwenye orodha ya CMA kabla ya kutuma hata senti. Mtu wa Dar naye hakatazwi kuwauliza BoT na CMSA kama kampuni fulani ina kibali, badala ya kumuuliza mtu anayelipwa na kampuni hiyo hiyo.

Na asije mtu akasema broka mkubwa hana makandokando. FXCM ilikuwa miongoni mwa majina makubwa Marekani. Februari 2017 wasimamizi wa kule waliifungia sokoni na kuipiga faini ya dola milioni 7, kwa kuwaambia wateja kwamba haina mgongano nao kwenye oda zao huku ikiwa na maslahi ya siri kwenye kampuni iliyokuwa inakaa upande wa pili wa oda hizo. Kama huyo alifanya hivyo chini ya macho ya mamlaka, vipi yule ambaye ofisi yake ni sanduku la posta?

Mastaa wenyewe wana utetezi wao: sijamlazimisha mtu, kila mtu na kichwa chake. Uingereza utetezi huo ulifikishwa mahakamani. Mei 2024 mamlaka ya FCA iliwafungulia mashtaka watu tisa kuhusu mpango wa forex usio na kibali ulionadiwa Instagram, na wengi wao ni nyota wa vipindi vya televisheni wenye wafuasi milioni kadhaa kwa pamoja. Kushtakiwa si kukutwa na hatia, ila ujumbe umefika: ukilipwa kupeleka watu sehemu, wewe si mpita njia.

Kinachokera zaidi ni hilo neno "broka bora", kama vile wote wanavaa saizi moja. Dada wa ofisini anayeshikilia oda wiki nzima anaumizwa na riba ya kulala, swapu, ambayo Jumatano huwa mara tatu, kuliko spredi. Muislamu asiyetaka riba ana akaunti yake isiyo na swapu, lakini aangalie kama hakuna "ada ya huduma" inayoanza baada ya siku kadhaa, maana hiyo ni riba iliyovaa kanzu. Anayeanza na hela ya vocha anahitaji akaunti ya senti, mahali ambapo kukosea hakumnyimi kodi ya chumba. Hakuna video ya sekunde 30 inayoweza kuwahudumia watu watatu hao kwa linki moja.

Kipimo kingine ndicho mastaa wanachokikwepa kuliko vyote: kutoa. Weka kiasi kidogo kabisa, cheza oda mbili, omba hela irudi kwenye namba au akaunti yenye jina lako. Ikija kwa siku walizoahidi, ongea habari ya kuongeza. Ukiambiwa ulipe kwanza "kodi" au "ada ya kufungulia" ndipo utoe, huyo hata si broka mbaya. Ni tapeli, block na uhamie kwingine.

Kwenye komenti za video ile, aliyeuliza "nianze na ngapi" alijibiwa ndani ya dakika mbili, na namba ya WhatsApp juu. Mmoja akauliza: "Mkuu, tunasajiliwa chini ya kampuni ya nchi gani, na wewe unalipwa ngapi kwa loti?" Komenti yake ilikaa kama robo saa hivi, kisha ikapotea.