Mwasho wa Siku za Mwezi

Binti zetu wengi huona haya kusema kwamba wakiwa katika hedhi huwashwa, nao huvumilia kimya. Sisi twaona mara nyingi kisa chake ni kitambaa. Hapa Bukavu mvua hunyesha tangu Septemba hata Mei. Vitambaa vilivyofuliwa hufichwa chini ya godoro, visije vikaonwa na kaka, kisha huvaliwa vingali na unyevu. Ngozi ikikaa majimaji na kusuguliwa huchubuka.

Basi, akina mama, wafundisheni kuvifua kwa sabuni isiyo na manukato, kuvisuuza mpaka povu liishe, na kuvianika juani. Twajua nyumba za Kadutu zimebanana na kamba i machoni pa majirani, haidhuru! Jua likikosekana, vipigwe pasi ya makaa. Kitambaa au pedi ibadilishwe kila saa 4 hadi 6. Waoshe nje tu, kwa maji safi. Ndimu na siki huzidisha moto.

Lakini ukitoka uchafu mweupe kama maziwa ya mgando, au wenye harufu mbaya, hapo kitambaa si kisa tena. Mpelekeni binti kituo cha afya apimwe. Vidonge vya kubahatisha asimeze.