Usikate Pembe ya Ukucha

Labda utasema, "Kwa nini tunafundishwa habari za kucha? Sisi tuna malaria, tuna kuhara." Ni kweli. Lakini mtu asiyeweza kukanyaga chini hawezi kulima, wala kuchota maji, wala kwenda sokoni. Tena ugonjwa wa ukucha kuzama nyamani mara nyingi twajiletea wenyewe kwa wembe.

Nasema hivi kwa sababu mimi nilifanya vivyo. Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya Biblia nilinunua viatu vyenye ncha nyembamba, navyo vilinibana. Nilitaka kupendeza Jumapili. Kidole gumba kikaanza kuuma kando ya ukucha. Nikachukua wembe, nikachimba pembe, nikaitoa. Nikapata nafuu, nikajisifu. Baada ya majuma machache maumivu yakarudi pamoja na usaha. Nikachimba tena. Wenzangu wakasema, "Umekanyaga dawa iliyotegwa njiani." Kumbe aliyenitega ni mkono wangu mwenyewe.

Fahamu jinsi inavyokuwa. Ukikata pembe, nyama ya kando huinuka na kujaza mahali pake. Lakini ukucha haukomi kukua. Ncha iliyobaki ndani ni kali kama mwiba, nayo huchoma nyama hiyo kila siku. Ndipo vijidudu huingia, na kidole huvimba, hupata moto na kutoa usaha. Basi, nafuu ya wembe ni nafuu ya uongo. Kuchimba pembe si dawa, ni kupanda ugonjwa.

Wengine hudhani ni funza. Funza huonekana kama uvimbe mdogo mweupe wenye nukta nyeusi katikati. Usipoiona nukta hiyo, usichimbe.

Ufanye nini? Nawa miguu, ukaushe vizuri. Kata ukucha kwa mstari ulionyoka, usiuzungushe, wala usiufupishe mno. Acha pembe zionekane juu ya nyama. Kila mtu awe na wembe wake, maana wembe wa nyumba nzima waweza kupitisha virusi vya UKIMWI na vya ugonjwa wa ini. Nunua viatu jioni, wakati miguu imevimba kidogo, na vidole viweze kucheza ndani. Ninyi wazazi, pimeni viatu vya watoto mara kwa mara, maana mguu wa mtoto haungoji fedha zenu.

Maumivu yakiwa yameanza tu, tia mguu katika maji safi ya moto kiasi, robo saa, mara tatu kwa siku. Pima maji kwa kiwiko kwanza, usijiunguze. Kausha, kisha vaa kandambili. Usitie majani, wala majivu, wala mavi ya ng'ombe. Huko hukaa vijidudu vya pepopunda, na pepopunda huua.

Siku chache zikipita bila nafuu, au ukiona usaha, au uvimbe ukipanda mguuni, au ukipata homa, njoo hospitalini. Lakini mwenye ugonjwa wa sukari, au mwenye ukoma ambaye miguu yake ina ganzi, asingoje hata siku moja. Yeye hasikii maumivu ya kumwonya. Kidonda kidogo cha kidole chaweza kumpotezea mguu.

Usiogope kisu cha mganga. Kwanza hupiga sindano ya ganzi, kisha hutoa kipande cha kando tu, na mara nyingine hutia dawa kwenye mzizi ili kipande hicho kisiote tena. Kung'oa ukucha wote bila kutibu mzizi si njia bora, kwa maana ukiota upya waweza kuzama tena. Nao huchukua mwaka mmoja au zaidi kurudi wote.

Kwa maoni yangu, aibu yetu huleta madhara kuliko ukucha wenyewe. Twaficha mguu mbaya ndani ya kiatu kizuri, mpaka harufu itutangaze. Tangu nilipopona mimi huhubiri nikiwa na viatu vipana, vizee, na wala sijaona mtu akitoka kanisani kwa ajili ya viatu hivyo.