Kifaa Kimoja, Foleni ya Mafundi

MEZA YA FUNDI
Na Salum Kizenga

Wahenga walituonya kwamba mshika mbili moja humponyoka. Nyundo yenye makucha inashika mbili miaka nenda rudi na haijaponyokwa na lolote: uso unapigilia msumari, makucha yanaung'oa. Kwa hiyo simuungi mkono fundi mkongwe anayedharau kila kifaa chenye kazi zaidi ya moja. Ila kijana anayedhani kifaa chenye kazi ishirini ni akiba, leo nina neno naye.

Namfikiria hasa kijana wa kikundi kilichopata mkopo kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Akiingia duka la vifaa vya useremala, fedha ni ya kuhesabu, na swali lake ni kipi kitamfanyia mengi kwa bei moja. Swali halali kabisa. Mimi ningemwomba aongeze la pili: kuhama kutoka kazi moja kwenda nyingine kutamgharimu nini?

Kwa nyundo, gharama ni kugeuza kiganja. Jiwe la kunolea lenye pande mbili ni vivyo hivyo: upande wa kukwaruza unarudisha umbo la patasi iliyopata pengo, upande laini unaleta makali. Alimradi ulifute vizuri, chembe za upande mmoja zisihamie mwingine, hakuna cha kulalamikia.

Guni yenye rula inayoteleza nayo inafaulu. Laroy Starrett wa Athol, Massachusetts, alipata hataza yake mwaka 1879, na mpaka leo wazo lake halijapitwa. Skrubu moja inakupa pembe ya nyuzi 90 na ya 45, kina cha tundu, na mstari sambamba na ukingo wa mbao. Udhaifu uko kwenye zile za bei ya chee, ambazo rula hulegea ndani ya kichwa chake. Ijaribu hapo hapo dukani: chora mstari kutoka kwenye ukingo ulionyooka, geuza guni upande wa pili, chora tena juu ya ule wa kwanza. Mistari ikiachana, guni imepinda, na pengo unaloliona ni kosa lake mara mbili. Irudishe kwa mwenye duka.

Kinachofeli mtihani ni randa ya kazi zote. Mfano maarufu ni namba 45 ya kampuni ya Stanley ya Marekani, iliyotengenezwa tangu miaka ya 1880 hadi 1962, na ndugu yake namba 55, ya 1897 hadi 1962, iliyokuja na visu zaidi ya 50. Kabla yake, seremala wa Ulaya na Marekani alihitaji randa ya mti kwa kila umbo la urembo, na sanduku lake lilijaa makumi yake. Hapa palikuwa na chuma kimoja kinachochimba mfereji, kinachotoa ngazi ya kukalia kioo na kuchonga nakshi za fremu. Nani asingeshawishika?

Shida huanza mezani. Kila ukibadili kisu, unapanga upya reli, kiongozi cha pembeni na kizuizi cha kina. Ukivunja kipimo cha mfereji ili uchonge urembo, kisha ukagundua umesahau ubao mmoja, kukirudia kipimo kile kile ni kazi ya subira. Ndiyo maana fundi mwenye uwezo huacha randa moja imefungwa kwenye kipimo cha mfereji na haiguswi.

Shida ya pili imo kwenye mbao zetu. Randa ya mti ya urembo ina kitako chenye umbo linalolingana na kisu chake, kinachokandamiza nyuzi mbele kidogo ya makali zisinyanyuke. Randa ya kazi zote hukishika kisu kwa reli nyembamba, na sehemu kubwa ya makali haina kinachokandamiza mbele yake. Kwenye msonobari ulionyooka itakwenda. Ipeleke kwenye mninga, mkongo au mvule, ambao nyuzi zao hupishana, uone zinavyonyofoka vipande vipande.

Msumeno wa Kijapani uitwao ryoba uko katikati. Upande mmoja una meno ya kupasua mbao kwa urefu, mwingine ya kuikata kwa upana, na kuhama ni kugeuza tu. Ila ukizama sana ndani ya mbao, meno ya juu huanza kukwaruza kuta za mkato.

Najua nitajibiwa kwamba fundi wa mtaani, anayebeba karakana nzima begani juu ya bodaboda, hana nafasi ya randa sita. Kweli, na kwake kifaa cha kazi nyingi kina heshima yake: kazi ni ndogo, yuko peke yake, uzito ni adui.

Kikundi ni habari nyingine. Kifaa chenye kazi ishirini kina mpini mmoja. Mwenzenu akikitumia kuchimba mfereji, mwenye kutaka ngazi ya kioo anasubiri, na mwenye kutaka urembo anasubiri nyuma yake. Mmekopa kwa pamoja ili watu wengi wafanye kazi, halafu mkanunua foleni. Fedha ile ile ingewapa randa mbili za kawaida, patasi za vipimo tofauti na msumeno mzuri, na kila mmoja akawa na cha kushika.

Basi maofisa wanaopitia orodha za vifaa kabla ya kuidhinisha mikopo waulize jambo moja: saa nne asubuhi, nani atakuwa ameshika nini? Kikundi kisichoweza kujibu kirudi kikapange orodha upya.