Tuyaone Matumbawe Yetu Kabla Hayajafa



Nataka kuwaeleza wananchi wenzangu juu ya jambo linalotendeka chini ya maji, mahali ambapo wengi wetu hatufiki.

Mwezi Aprili 2024 wataalamu wa bahari wa Marekani walitangaza kwamba matumbawe yamepatwa na kupauka kwa dunia nzima kwa mara ya nne. Mara tatu za kwanza zilikuwa 1998, 2010, na kati ya 2014 na 2017. Pigo la 1998 halikutupita sisi. Liliua matumbawe mengi katika mwambao wetu, hasa Mafia.

Ndugu wasomaji, tumbawe si jiwe. Ni kundi la wanyama wadogo walioshikamana, ambao ndani ya miili yao wamehifadhi mwani mdogo mno unaowatengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Maji yakizidi joto lake la kawaida hata kwa digrii moja tu, na hali hiyo ikakaa kwa majuma kadhaa, wanyama hao huutema ule mwani. Tumbawe huwa jeupe kama chokaa. Hapo bado halijafa, bali lina njaa. Joto likiondoka mapema huweza kupona. Likikawia, tumbawe hufa, na samaki waliojificha humo hukosa makazi.

Je, ni nani atakayejua mapema? Aliye juu ya ngalawa haoni kitu. Mzamiaji huona weupe, lakini weupe ukishaonekana ugonjwa umekwisha kuwa mkubwa. Ndiyo maana vyombo vipya vya kupigia picha chini ya maji vinastahili kuzungumzwa na sisi pia, wala tusiwaachie wageni peke yao.

Mwaka 1962 Mjapani Osamu Shimomura aligundua ndani ya kiwavi cha baharini protini inayong'aa kijani, na mwaka 2008 yeye na wenzake wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Protini za ukoo huo zimo pia katika matumbawe mengi. Ukiyamulika usiku kwa mwanga wa buluu, na kamera yako ikavishwa kioo cha manjano, mwili wa tumbawe hurudisha rangi ya kijani na mwani uliomo ndani hurudisha nyekundu. Nyekundu ikififia ni dalili kwamba mwani unapungua. Hata tumbawe changa, dogo kiasi cha kutoonekana mchana, huonekana liking'aa, na mtaalamu akaweza kuhesabu kama mwamba unazaa au umekuwa tasa. Lakini mwani wa kawaida nao hung'aa nyekundu, kwa hiyo picha bila mtu aliyefundishwa kuisoma haifai kitu.

Mwaka 2016 Andrew Mullen, Jules Jaffe na wenzao wa taasisi ya Scripps huko California, pamoja na Tali Treibitz wa Haifa, walitoa habari za hadubini inayochukuliwa na mzamiaji mpaka kwenye mwamba wenyewe. Huonyesha vitu vya ukubwa unaokaribia sehemu moja ya elfu ya milimita, bila kuligusa tumbawe. Katika Bahari ya Shamu waliona matumbawe ya aina mbili yakipigania nafasi. Huko Maui, Hawaii, waliona mwani wa nje ukivamia matumbawe yaliyopauka, ukishika kwanza mipaka iliyo kati ya mnyama na mnyama, mfano wa masega ya nyuki.

Taasisi hiyo imeweka pia kamera ya kupiga picha za planktoni, vile viumbe vidogo vinavyoelea na ambavyo ni chakula cha dagaa. Kuvikusanya kwa wavu huvunja vile vilivyo laini. Kamera huvipiga picha vikiwa hai, mahali vilipo.

Wapo watakaosema kwamba mvuvi anahitaji mashine ya boti na barafu, wala si picha. Nakubali kwamba mashine anaihitaji. Lakini mashine itampeleka wapi ikiwa mwamba umekufa? Tumepiga vita baruti kwa sababu mlipuko wake unasikika. Joto la maji halina mlio, na huua eneo kubwa kuliko baruti.

Kwa maoni yangu yafanyike mambo matatu. Kwanza, vyuo vyetu vya bahari vianze na taa za buluu na kamera za kawaida zisizo za gharama kubwa, na miamba ile ile ipigwe picha kila mwaka, kabla ya joto na baada yake. Pili, mgeni anayekuja kupiga picha katika maji yetu aache nakala hapa nchini, na afundishe kijana wetu kuzisoma. Tatu, majibu yarudi kwa wavuvi kwa Kiswahili, ili mwamba uliopauka uweze kupumzishwa kwa makubaliano yao wenyewe.

Kupumzisha mwamba hakutapunguza joto la bahari, lakini mgonjwa asiyebughudhiwa ana nafasi ya kupona kuliko yule anayekokotewa juya juu ya kidonda. Mwamba ambao haukupigwa picha ukiwa hai hatutaweza kusema umepoteza nini.

Mpenda Bahari,
Tanga.