Kumtazama Buddha, Kuipita Bluff

Ziko ziara zinazomfumbua mtu macho, na ziko zinazomfumba. Msafiri Mswahili atokaye Durban kwenda Ixopo, kwenye kituo cha tafakuri kilichofunguliwa mwaka 1980, hupiga picha mbele ya sanamu kubwa ya Buddha, akasifu mabonde na ukungu, akarejea akidai amepata utulivu. Kosa si la sanamu. Kosa ni la macho.

Mapokeo ya Kibuddha yenyewe husimulia kwamba Siddhartha alitoka kasrini, akamwona mzee, mgonjwa na maiti, ndipo safari yake ikaanza. Msafiri huyu huifuata njia hiyo kinyumenyume. Hata Alan Paton, aliyeifungulia riwaya yake ya 1948 kwenye vilima hivyohivyo vya Ixopo, hakuishia kwenye uzuri wake. Aligeuka papo hapo kuitazama ardhi iliyochakaa chini yake.

Aliyopaswa kuyaona msafiri yako Bluff, rasi ya kijani inayoikinga bandari ya Durban. Kuanzia Agosti 1873, watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa walishushwa Durban wakitokea Unguja, wakafanywa vibarua wa mkataba. Wengi walikuwa Wamakua wa Msumbiji. Natal ikawaita Wazanzibari, na jina likawaganda. Mahali paitwapo King's Rest, hapo Bluff, wakajenga makazi na msikiti. Kisha Sheria ya Maeneo ya Makundi ya 1950 ikawang'oa. Katika miaka ya 1960 walihamishiwa Chatsworth, mtaa uliotengwa kwa Wahindi, wakiwa wameandikishwa kuwa Waasia: Waafrika hawa, barani mwao wenyewe!

Watetezi wa utalii watasema kwamba kila mtu ana haki ya kupumzika. Anayo. Ila mtu anayejigamba kwa lugha ya pwani, kisha akaipita Bluff bila kujua kwamba jina la Zanzibar limebebwa huko kwa miaka mia moja na hamsini, hajapumzika, amesahau. Habari za jamaa hawa zimechunguzwa zaidi kwa Kiingereza, na wasomi wa Kiswahili wameridhika kuzisoma humo, kana kwamba haziwahusu.

Ixopo haihami. Aanzie King's Rest, asome dua, ndipo apande vilimani kumtazama Buddha.